Vumbi Lilipotua: Jinsi Uso wa Mirihi Ulivyosomwa kutoka Juu

Katikati ya Julai 1965, kwenye maabara ya JPL mjini Pasadena, California, wahandisi walikuwa wakibandika ubaoni vipande vyembamba vya karatasi vilivyojaa tarakimu. Kila tarakimu ilikuwa kipimo cha mwanga wa nukta moja kwenye uso wa Mirihi, na ilikuwa imesafiri zaidi ya kilomita milioni 200 kufika pale. Chombo kiitwacho Mariner 4 kilikuwa kimeipita sayari hiyo kwa umbali wa kilomita 9,846, kikapiga picha 21 na kipande cha picha ya 22, kikazihifadhi kwenye mkanda wa sumaku, na sasa kilikuwa kikizituma kidogo kidogo, biti 8 na theluthi kwa kila sekunde. Picha moja ilikuwa na mistari 200, kila mstari nukta 200, kila nukta biti 6. Piga hesabu: biti 240,000 kwa mwendo huo ni saa 8 kamili kwa picha moja.

Wahandisi hao walikuwa na wasiwasi kama mkanda ulifanya kazi sawasawa, na hawakuwa na subira ya kungoja kompyuta igeuze namba kuwa picha. Richard Grumm na wenzake wakanunua chaki za rangi kwenye duka la vifaa vya wachoraji, wakazigawa tarakimu katika makundi, kila kundi likapewa rangi yake, kisha wakaanza kupaka ukanda baada ya ukanda. Walichagua rangi za udongo, za kahawia na wekundu. Polepole ukingo wa sayari ukajitokeza juu ya weusi wa anga. Kwa hiyo picha ya kwanza ya Mirihi kupigwa na chombo kilichofika karibu nayo ilionekana kwanza ikiwa imepakwa kwa mkono. Ubao ule ulitiwa fremu, ukakabidhiwa kwa William Pickering, mkurugenzi wa maabara.

Nimeanza na ubao ule kwa sababu unaonyesha vizuri picha ya sayari ni kitu gani. Ni vipimo vya mwanga, na binadamu ndiye anayevipanga na kuamua vina maana gani. Akivipanga vibaya, au akitoa hukumu mapema, anaona kisichokuwepo. Historia nzima ya kuusoma uso wa Mirihi ni historia ya hukumu za mapema zilizotenguliwa na watu waliorudi kuangalia mahali palepale kwa mara ya pili, ya tatu na ya kumi.

Kabla ya vyombo vya angani kulikuwa na darubini. Mwaka 1877, Mirihi ilipoikaribia Dunia, Giovanni Schiaparelli wa Milan alichora ramani yenye mistari mirefu iliyonyooka. Mmarekani tajiri, Percival Lowell, akajenga kituo cha darubini Flagstaff, Arizona, mwaka 1894, na kwa miaka mingi akaihubiria dunia kwamba mistari ile ni mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili ili kuleta maji kutoka kwenye barafu ya ncha za sayari. Mwaka 1909, Eugène Antoniadi aliitazama Mirihi kwa darubini kubwa ya Meudon karibu na Paris, na hewa ilipotulia mistari ikavunjika ikawa madoadoa yasiyo na mpangilio. Jicho la binadamu, linapopewa madoa hafifu, huyaunganisha lenyewe. Hata hivyo ndoto ya mifereji haikufa upesi, na hata wataalamu waliotilia shaka mifereji waliendelea kuamini kwamba maeneo meusi yanayobadilika kwa majira huenda ni mimea.

Mariner 4 iliuzima moto huo, lakini ikawasha mwingine. Picha zake zilionyesha kreta, yaani mashimo makubwa ya mviringo yaliyochimbwa na vimondo, yamejaa kama usoni mwa Mwezi. Mawimbi ya redio ya chombo hicho, yalipopenya hewa ya Mirihi kabla ya kutoweka nyuma ya sayari, yalionyesha kwamba hewa hiyo ni nyepesi mno, kanieneo yake haifiki asilimia 1 ya ile ya Dunia. Magazeti yakatangaza sayari mfu. Wanasayansi wengi nao wakakubali: hakuna milima ya moto, hakuna mito, hakuna historia, ni jiwe kavu lililopigwa mawe kwa miaka bilioni nne. Lakini picha zile zilikuwa zimegusa takriban asilimia 1 tu ya uso wa sayari. Mariner 6 na Mariner 7 zilipopita mwaka 1969 ziliongeza picha nyingi na bora zaidi, nazo pia zikatazama zaidi upande wa kusini, penye ardhi kongwe iliyojaa kreta. Vyombo vitatu vilikuwa vimepita, na vyote vitatu vilikuwa vimeyakosa mambo makubwa kuliko yote ya sayari ile.

Ndipo ukaja mwaka 1971, na kwangu mimi ndio mwaka mkubwa kuliko yote katika habari hii.

Wamarekani walipanga kupeleka vyombo viwili ambavyo havingepita tu bali vingebaki vikiizunguka Mirihi. Cha kwanza, Mariner 8, kilianguka baharini Mei 1971 baada ya roketi yake kuharibika. Kazi zote mbili zikabebeshwa kimoja kilichobaki, Mariner 9, kilichoondoka tarehe 30 Mei. Wasovieti nao walirusha viwili mwezi huohuo, Mars 2 na Mars 3, kila kimoja kikiwa na mtambo wa kuteremka chini. Vyote vitatu vikawa njiani kwa wakati mmoja.

Charles Capen wa kituo cha Lowell alikuwa ametabiri mapema mwaka huo kwamba kipindi kile, Mirihi inapokuwa karibu zaidi na Jua, kingeweza kuleta dhoruba kubwa ya vumbi. Tarehe 22 Septemba wingu jeupe lilionekana kwenye darubini upande wa kusini wa sayari. Ndani ya wiki chache vumbi lilikuwa limeifunika Mirihi yote, kutoka ncha hadi ncha. Mariner 9 ilipofika tarehe 14 Novemba na kuwa chombo cha kwanza katika historia kuizunguka sayari nyingine, kamera zake zilikuta duara tupu, lisilo na alama, kama limepakwa rangi moja.

Hapo ndipo tofauti ya vyombo ilipoonekana. Vile vya Kisovieti vilikuwa vimepangiwa kazi tangu mwanzo, na mpango haukubadilika. Mars 2 ilipofika tarehe 27 Novemba na Mars 3 tarehe 2 Desemba, mitambo ya kuteremka iliachwa ishuke katikati ya dhoruba. Mmoja uliharibika kwa kuanguka. Mwingine ulitua salama, wa kwanza kufanya hivyo juu ya Mirihi, ukatuma ishara kwa sekunde chache tu, kisha ukanyamaza milele. Vyombo vilivyobaki juu vilitumia sehemu kubwa ya picha zao kulipiga picha vumbi. Waliovitengeneza hawakuwa wazembe wala wajinga; kilichokosekana ni njia ya kukiambia chombo kingoje.

Mariner 9 iliweza kuambiwa. Kompyuta yake ndogo ilipokea maagizo mapya kutoka Duniani, na wakuu wa safari wakaamua kuacha kupiga ramani na kungoja. Wakati wa kungoja walizipiga picha Phobos na Deimos, miezi miwili midogo ya Mirihi, na kwa mara ya kwanza binadamu akaona kwamba ni mawe yasiyo na umbo maalumu, yaliyochakazwa na vimondo. Waliendelea pia kupiga picha chache za sayari yenyewe, kuangalia kama vumbi limeanza kutua.

Katika picha hizo za ukungu kulikuwa na madoa manne meusi. Moja lilikuwa mahali ambapo Schiaparelli alikuwa ameona doa jeupe na kulipa jina la Nix Olympica. Mengine matatu yalikuwa yamejipanga kwenye mstari mmoja, na kwa kuwa hayakuwa na majina, timu ya picha ikayaita kwa kifupi Doa la Kaskazini, la Kati na la Kusini. Fikiria jambo hilo kwa utulivu: sayari nzima imezama ndani ya vumbi linalopanda makumi ya kilomita, na sehemu nne tu zinaonekana. Zinaonekana kwa sababu gani? Harold Masursky, Carl Sagan, Bruce Murray, Michael Carr na wenzao waliokuwa wakizipokea picha hizo hawakuwa na jibu lingine ila hili: hizo ni sehemu zilizochomoza juu ya vumbi. Ni milima. Na kadiri wiki zilivyopita, kila doa lilianza kuonyesha katikati yake shimo la mviringo lenye kuta zilizobomoka ngazi kwa ngazi. Kimondo hakiwezi kuchagua kuangukia vilele vya milima minne tu na kuacha pengine pote. Zile zilikuwa volkeno.

Vumbi lilipotua, kati ya Desemba 1971 na Januari 1972, ukubwa wa volkeno hizo ukajulikana. Olympus Mons, lile doa la Schiaparelli, una kimo cha kilomita 22 hivi na upana wa kilomita 600 hivi, na shimo la kileleni lina upana wa kilomita 80. Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ungehitaji kubebeshwa mara tatu na zaidi ili ufikie kilele chake. Sababu inaeleweka. Ardhi ya Mirihi haijagawanyika katika mabamba yanayosogea kama ya Dunia, hivyo lava iliendelea kutoka mahali palepale kwa mamilioni ya miaka bila mlima kuhamishwa kutoka kwenye chanzo chake. Tena mvutano wa sayari hiyo ni mdogo, na mlima mrefu haulemewi sana na uzito wake wenyewe.

Mashariki ya milima hiyo likaonekana bonde la ufa lenye urefu wa kilomita 4,000 hivi, na sehemu nyingine kina cha kilomita 7. Likapewa jina la chombo kilicholiona: Valles Marineris. Wanajiolojia waliotaka kulielewa waliligeukia haraka Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, kwa sababu hapo ndipo mahali pa Dunia ambapo ukoko wa ardhi unaonekana ukivutwa na kupasuka. Mfanano upo, ingawa la Mirihi halikuendelea hadi kuigawa ardhi.

Lakini kilichowatikisa watu zaidi ni mabonde yaliyopinda. Mengine yalikuwa na matawi kama mto na vijito vyake. Mengine yalikuwa mapana ajabu, yenye visiwa vilivyochongwa mfano wa tone la maji, ncha yake ikielekea kule mkondo ulikokuwa ukienda. Victor Baker, mwanajiolojia kijana, alikuwa ameisoma ardhi ya jimbo la Washington, Marekani, ambako J Harlen Bretz alikuwa amedai tangu miaka ya 1920 kwamba mafuriko makubwa ya ghafla yalichimba mabonde yote ya eneo lile. Bretz alipingwa kwa miaka mingi kabla ya kukubaliwa. Baker na Daniel Milton waliziweka picha za Mirihi kando ya picha za Washington, na mwaka 1974 wakaandika kwamba umbo ni lile lile: visiwa vile vile, mikwaruzo ile ile ya mkondo, maporomoko yale yale yaliyokauka. Sayari iliyotangazwa kuwa mfu mwaka 1965 ilikuwa imewahi kubeba mafuriko.

Na yale maeneo meusi yanayobadilika? Sagan na James Pollack walikuwa wamedokeza kabla ya hapo kwamba ni vumbi linalohamishwa na upepo. Mariner 9 ilipiga picha mahali palepale kabla na baada ya siku kadhaa, na ikaonyesha mikia ya weusi na weupe nyuma ya kreta ikibadilika umbo kufuata upepo. Hakukuwa na mmea. Chombo hicho kilizimwa tarehe 27 Oktoba 1972 gesi yake ya kujiongoza ilipokwisha, kikiwa kimetuma picha 7,329. Huko JPL picha kama 1,500 zilikatwa na kubandikwa juu ya tufe moja kubwa. Huko Flagstaff wachoraji wa idara ya jiolojia ya Marekani walizigeuza kuwa ramani kwa kalamu za kupulizia rangi, wakitoa kwa mikono yao umbo la ardhi lililofichwa na vivuli vya kila picha. Watu hawa wa ramani hawatajwi vya kutosha. Pia walihitaji mahali pa kuanzia kuhesabu longitudo, kama Greenwich ilivyo kwetu, na Merton Davies akachagua kreta ndogo ya nusu kilomita hivi, ambayo inaitwa Airy-0. Kila ramani ya Mirihi tangu hapo inaanzia kwenye shimo hilo.

Mwaka 1976 vikaja vyombo vya Viking. Viking 1 ilipaswa kutua tarehe 4 Julai, sikukuu ya miaka 200 ya uhuru wa Marekani. Picha zilizopigwa kutoka juu zilionyesha kwamba eneo lililochaguliwa lina makorongo na mikwaruzo ya mafuriko, na wakuu wa safari wakaiacha sikukuu ipite. Chombo kilitua tarehe 20 Julai kwenye uwanda wa Chryse. Hata hivyo, picha za juu za wakati ule hazikuweza kuonyesha jiwe la ukubwa wa gari. Mita kama 8 kutoka mguu wa chombo kulikuwa na jiwe la upana wa mita 2, ambalo baadaye lilipewa jina la Big Joe. Kama chombo kingeshuka juu yake, safari ingekuwa imekwisha siku hiyo. Kila mwenye kuisoma sayari kwa picha za juu anapaswa kulikumbuka jiwe hilo: daima kuna kitu kidogo kuliko nukta yako.

Siku tano baadaye, tarehe 25 Julai, chombo cha Viking kilichobaki juu kilipiga picha ya kilima kimoja katika eneo la Cydonia. Jua lilikuwa chini, vivuli virefu, na kilima kilionekana kama uso wa mtu. Watu wa NASA, shirika la anga la Marekani, walieleza walipoitoa picha hiyo kwamba ni mchezo wa mwanga na kivuli, lakini vitabu na filamu viliishikilia kwa miaka 20. Aprili 1998, na tena Aprili 2001, chombo cha Mars Global Surveyor kilirudi juu ya kilima kilekile, jua likiwa upande mwingine na kamera ikiwa kali mara nyingi zaidi. Uso haukuwepo. Kulikuwa na kilima cha mwamba kilicholiwa na upepo, kama maelfu ya vingine.

Ukitaka kujizoeza kusoma picha hizi, anzia hapo hapo: uliza jua liko upande gani. Chukua picha ya kreta iliyopigwa mwanga ukitoka chini kushoto, na mara nyingi jicho lako litaona kilima badala ya shimo, kwa sababu tumezoea mwanga utokao juu. Igeuze picha juu chini, na kilima kitazama kuwa shimo mbele yako. Kisha hesabu kreta. Ardhi yenye kreta nyingi zilizopandana ni kongwe. Iliyo laini na yenye chache imefunikwa na kitu baadaye, lava au mchanga au barafu. Kwa njia hiyo tu, bila kugusa jiwe hata moja, wanajiolojia wameigawa historia ya Mirihi katika zama tatu. Mwisho, jihadhari na rangi. Matuta ya mchanga ya buluu unayoyaona kwenye picha nyingi si ya buluu. Rangi zimevutwa kwa makusudi ili tofauti za madini zionekane.

Mars Global Surveyor iliyofika Septemba 1997 ilikuwa na vifaa viwili vilivyobadilisha kazi hii. Kimoja ni mtambo wa leza uliopima kimo cha ardhi mara zaidi ya milioni 600, ukaonyesha kwamba nusu ya kaskazini ya sayari iko kilomita kadhaa chini ya nusu ya kusini. Kingine ni kamera ya Michael Malin, iliyoona vitu vya mita chache. Juni 2000, Malin na Kenneth Edgett walitangaza makorongo membamba kwenye kuta za kreta, yanayofanana na yanayochimbwa na maji, na yalikuwa mapya kabisa kijiolojia. Mwaka 2006 walionyesha picha mbili za korongo lilelile, na katika ile ya pili kulikuwa na mashapo meupe yaliyoteremka katika miaka iliyokuwa katikati. Dunia ilishangilia maji. Uchunguzi wa miaka iliyofuata, wa picha nyingi za majira yote, umeonyesha kwamba makorongo mengi husogea majira ya baridi, wakati barafu ya kaboni dayoksaidi inapojitanda juu ya miteremko na kuondoka. Maji hayahitajiki kwa mengi yao.

Jambo la namna hiyo lilitokea tena. Mwaka 2006 chombo cha Mars Reconnaissance Orbiter kilifika kikiwa na kamera ya HiRISE ya Chuo Kikuu cha Arizona, chini ya Alfred McEwen. Ina kioo cha nusu mita, na kutoka kilomita 300 juu inaona nukta ya sentimita 25 hadi 30. Mwanafunzi mzaliwa wa Nepal, Lujendra Ojha, akilinganisha picha za kreta moja zilizopigwa kwa tarehe tofauti, aliona michirizi myembamba ya weusi inayorefuka wakati wa joto na kufifia wakati wa baridi. Habari hiyo ilitoka mwaka 2011, na mwaka 2015 ikaelezwa kuwa dalili ya maji ya chumvi. Mwaka 2017 wataalamu walewale wa HiRISE, wakitumia picha jozi zinazotoa vimo, walipima miteremko na kukuta michirizi hukoma pale mteremko unapofikia pembe ya mchanga mkavu kusimama. Wakaandika kwamba huenda ni mchanga tu unaotiririka. Ninawaheshimu sana kwa hilo. Waliotangaza ndio waliorudi kupima, na kipimo kilipowapinga wakakichapisha.

Usomaji wa juu umeshinda pia, na kushindwa, mbele ya magari yaliyotua. Januari 2004 gari la Spirit lilitua ndani ya kreta ya Gusev, kwa kuwa picha zilionyesha bonde kubwa likimwaga ndani yake na kila mtu alitarajia mashapo ya ziwa. Lilikuta uwanda wa lava. Wiki tatu baadaye mwenzake, Opportunity, lilitua Meridiani, ambako kifaa cha Philip Christensen kutoka juu kilikuwa kimegundua madini ya hematiti yanayohusishwa na maji. Hematiti ilikuwepo, imetapakaa chini kama gololi ndogo. Na delta iliyoonekana kwenye picha za kreta ya Jezero, ikaelezwa na Caleb Fassett na James Head mwaka 2005, ndiyo iliyolipeleka gari la Perseverance huko Februari 2021. Picha zake za kwanza za miamba zilithibitisha kwamba mto ulikuwa umemwaga mashapo yake ziwani.

Kuna habari nyingine ninayoipenda. Desemba 2003 chombo kidogo cha Uingereza, Beagle 2, kilishuka Mirihi siku ya Krismasi na hakikusikika tena. Kiongozi wake, Colin Pillinger, alifariki mwaka 2014 akijua tu kwamba kimepotea. Januari 2015, baada ya kupekua picha za HiRISE, ilitangazwa kwamba kimeonekana: kilitua salama, kikafungua baadhi ya mabawa yake ya jua, lakini si yote, na bila yote kufunguka antena haikuweza kusema. Nukta chache zenye kung'aa zilitosha kumwondolea marehemu lawama ya kukiangusha chombo.

Siku hizi wengi wamefika juu ya sayari ile. Wahindi walifika 2014, na Februari 2021 vilifika, kwa tofauti ya siku moja, chombo cha Al-Amal cha Umoja wa Falme za Kiarabu na Tianwen-1 cha China. Picha za kamera ya CTX ya chombo cha Mars Reconnaissance Orbiter, yenye nukta za mita 6 hivi, zimeunganishwa na Jay Dickson na wenzake wa Caltech kuwa ramani moja ya karibu sayari nzima, iliyotolewa mwaka 2023. Lakini thamani ya kurudi mahali palepale haikuonekana wazi zaidi kuliko tarehe 24 Desemba 2021. Siku hiyo kipima-tetemeko cha chombo cha InSight kilisikia mtikisiko wa ukubwa wa 4. Wiki kadhaa baadaye, Liliya Posiolova na wenzake wanaoendesha kamera ya CTX waliona kreta mpya ya upana wa mita 150 hivi katika uwanda wa Amazonis, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka kwenye kipima-tetemeko. Wakafungua picha za kamera ya hali ya hewa, inayoipiga sayari kila siku, wakaangalia siku baada ya siku nyuma, mpaka wakaipata siku ambayo doa halikuwepo na siku iliyofuata ambayo lilikuwepo. Ilikuwa ileile ya mtikisiko. Na kuzunguka shimo kulikuwa na mapande ya barafu yaliyorushwa kutoka chini ya ardhi, karibu na ikweta kuliko barafu yoyote ya chini ya ardhi iliyokuwa imewahi kuonekana hadi wakati huo.

Picha hizo zote, kuanzia za Mariner hadi za HiRISE, ziko wazi kwa kila mtu, bila malipo, na timu ya HiRISE hupokea hata mapendekezo ya raia wa kawaida kuhusu mahali pa kupiga. Walimu wa jiografia wa sekondari zetu wanafundisha volkeno, mabonde ya ufa na mmomonyoko kila mwaka. Nawasihi waziingize picha hizi darasani, wawape wanafunzi picha mbili za mahali pamoja zilizopigwa kwa tarehe tofauti, na wawaulize kimebadilika nini.